Neno Moja, Maana Mbili Zipinganazo

Habari hii ilianza asubuhi moja hapa Nambambo, katika Nachingwea, nilipokuwa nikifundisha darasa la pili. Niliandika ubaoni mwanzo wa sentensi, "Nataka kuwa", nikawaamuru watoto kila mmoja aimalizie kwa kazi aipendayo, kisha aende nayo nyumbani akaikariri mpaka aishike. Mtoto mmoja akachagua ualimu. Kesho yake hakuja shuleni, wala kesho kutwa. Siku ya tatu alikuja, ameshikwa mkono na bibi yake, mwanamke mzee aliyetoka ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Niassa, asiyejua Kiswahili ila kile cha kuulizia bei sokoni. Bibi akaniamkia kwa adabu, akaketi chini ya mwembe, akaniuliza kwa Kiyao kwa nini namfundisha mjukuu wake kuomba mauti.

Mimi ni Mmwera, na Kiyao nakisikia nusu nusu, basi nikadhani sikumwelewa. Aliitwa jirani akatufasiria, na mambo yakafunuka. Katika Kiyao "kuwa" ni kufa. Mtoto alikuwa amezunguka ua jioni nzima akipaza sauti, "Nataka kuwa mwalimu, nataka kuwa mwalimu." Neno "nataka" bibi alilijua, maana ndilo neno la sokoni, neno "mwalimu" alilijua pia. Basi alichosikia yeye ni mtoto anilialiaye mimi, "Nataka kufa, mwalimu." Na mwaka uliotangulia msiba ulikuwa umeingia katika nyumba ile: kaka yake mtoto huyo alizikwa. Bibi hakuona jambo la kucheka. Alimzuia mtoto asitoke, akamlinda siku mbili, kisha akaja kunitazama usoni aone mimi ni mtu wa namna gani.

Nilimwomba radhi, tukaelewana, na mtoto akarudi darasani. Lakini tangu siku hiyo neno lile halikunitoka moyoni, nikaanza kutafuta katika vitabu na kwa wazee jinsi maneno yanavyoweza kusikika kuwa ni yale yale, na huku maana zake zimepeana visogo. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza nieleze jambo la Kiyao lenyewe, kwa maana ndilo lililo mlangoni petu. Wayao hawakosi neno la kuwa. Wao husema "kuŵa", na herufi ile yenye kofia hutamkwa midomo miwili ikikaribiana bila kugusana, sauti iliyo kati ya b na w. Kufa husemwa "kuwa", kwa w nyepesi kama yetu. Kwa sikio la Myao maneno hayo mawili yako mbali kama "bata" na "pata". Kwa sikio letu ni neno moja. Basi Mswahili asemapo "kuwa" kwa midomo yake iliyolegea, Myao asiyemzoea husikia habari ya kaburi.

Ni ajabu kwamba watu hawa wawili wamekaa pamoja siku nyingi. Misafara ya Wayao ilishuka Kilwa na pembe na watumwa siku nyingi kabla ya shule za misheni kujengwa katika nchi hii. Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyewaleta watumwa waliokombolewa akawaweka Masasi mwaka 1876, alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu cha Kiswahili mwaka 1870 na kitabu kidogo cha Kiyao mwaka 1871. Yaani lugha hizi mbili zilikaa kichwani mwa mtu mmoja, juu ya meza moja, zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita. Na bado bibi yule alikesha macho wazi kwa ajili ya silabi mbili.

Wataalamu wa lugha za Kibantu, tangu Carl Meinhof alipochapisha kitabu chake cha sauti za lugha hizi mwaka 1899, wameonyesha kwamba neno letu "kufa" na "kuwa" la Wayao ni watoto wa mama mmoja. Shina lake la kale lilianza kwa k. Lilipoingia katika kila kabila likabadilika sauti kwa kanuni ya kabila lile. Pwani k ile iligeuka f. Kwa Wayao ililegea kabisa. Kwa Wasukuma ilifika mahali pengine, nao husema "kucha". Na kwa Wakikuyu wa Kenya ni "gũkua", ambalo katika sikio letu ni karibu sawa na "kukua".

Tazama basi, msomaji, jinsi mambo yalivyopangika. Neno moja la mauti limetembea njia tatu, na katika kila njia limefika likavaa nguo ambayo sisi Waswahili tumemvika uhai. Myao asema "kuwa", nasi twasikia kuishi na kudumu. Msukuma asema "kucha", nasi twasikia jua likichomoza. Mkikuyu asema "gũkua", nasi twasikia mtoto akirefuka. Mtu mwenye kupenda hekaya angesema kuna siri ndani yake. Mimi sisemi hivyo. Maneno yetu "kuwa", "kucha" na "kukua" yana mama zao wengine, na kufanana kwao na neno la mauti ni kufanana kwa sura tu, kama vile mtu wa Liwale awezavyo kufanana na mtu wa Tunduru, na hawana hata babu mmoja.

Lakini iko namna nyingine, nayo ndiyo iliyonishughulisha zaidi: maneno yaliyozaliwa na mama mmoja kweli, yakatengana, na leo yakikutana yanapingana.

Katika nchi yetu hii ya kusini walikuja wamisionari wa namna mbili. Wabenediktini, ambao wengi wao walikuwa Wajerumani, walianza Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka uliofuata, kisha Ndanda mwaka 1906. Masasi walikuwako Waingereza wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Ndanda na Masasi hazitengani sana, na lugha za wageni wale ni ndugu wa karibu, kama Kimwera na Kiyao. Hata hivyo mtu aliyesoma Kijerumani kabla ya Vita Kuu, akaja kujifunza Kiingereza baada ya Wajerumani kuondoka mwaka 1917, alikuwa na kazi ya kusahau. Katika Kijerumani neno "hell" ni sifa ya kitu chenye nuru, kama chumba kilichofunguliwa madirisha. Katika Kiingereza ni Jehanamu. Katika Kijerumani "Rat" ni shauri, au baraza la watu wa kutoa mashauri. Katika Kiingereza "rat" ni panya.

Na kuna "gift". Kwa Mwingereza ni zawadi. Kwa Mjerumani ni sumu. Hapo hakuna bahati mbaya ya sauti, kwa maana neno ni moja hasa, na mama yake ni tendo la kutoa. Waingereza walishika kitu kitolewacho kwa mapenzi. Wajerumani nao walikuwa na maana hiyo zamani, lakini waganga walipoanza kusema habari ya dawa itolewayo kwa kipimo, neno likaelekea kwenye kikombe cha mgonjwa, na kutoka kikombe cha mgonjwa likafika kikombe cha adui. Mabaki ya maana ya kale yamesalia katika neno lao la mahari, "Mitgift", yaani kile atolewacho nacho bibi arusi.

Kaskazini zaidi, kwa Wadenmark, Wanorway na Waswidi, neno hilo hilo limebeba mizigo yote miwili. "Gift" kwao ni sumu, na "gift" ni mtu aliyekwisha kuoa au kuolewa, kwa kuwa zamani binti alitolewa na baba yake. Wenyewe hufanya mzaha juu yake. Tusiwacheke sana, maana na sisi tunalo "kuoza": mzee amemwoza binti yake, na embe limeoza. Wale wa kwetu ni mama wawili tofauti, lakini mgeni ajifunzaye Kiswahili hajui hayo, naye hushangaa vile vile.

Hao wa kaskazini hupotezana hata wao kwa wao. Mswidi akisema mtu fulani ni "rolig", maana yake ni mchekeshaji, mtu wa furaha. Mdenmark na Mnorway wakisema "rolig" wamaanisha mtu mtulivu, asiye na makeke. Mama wa neno ni utulivu. Kwa Waswidi utulivu ulizaa raha, na raha ikazaa kicheko. Mnorway akisema kitu ni "rar" amekiona cha ajabu, labda cha kutiliwa mashaka. Mdenmark akisema "rar" amesifu wema. Nchi hizi ndizo, pamoja na Finland, zilizosaidia kuanzisha shule na mafunzo ya Kibaha tangu mwaka 1963, na walimu wao walikaa nyumba jirani. Natamani ningalikuwako barazani siku Mswidi alipomsifu Mnorway mbele ya wageni.

Lakini turudi nyumbani. Hapa kwetu dukani kuna somo lililo wazi kuliko la Ulaya. Wahindi wenye asili ya Gujarati wamefanya biashara Lindi na Kilwa tangu kabla ya Wajerumani, na watoto wao na wetu wamecheza mbele ya maduka yale yale. Mtoto wa Kigujarati akisema "mama", amwita ndugu wa kiume wa mama yake, yaani mjomba. Akisema "kaka", amwita ndugu wa baba yake. Akisema "dada", asimame mzee mwenye mvi, kwa maana "dada" ni babu mzaa baba. Na neno "kal" la Wahindi ni jana, tena ni kesho. Maana hujulikana kwa maneno yanayolizunguka. Nasikia wasemao Kilingala huko Kongo nao wana "lobi", ambalo ni jana na kesho pia. Mkopaji angependa sana lugha hizo.

Na si mkopaji tu, kwa maana sisi wenyewe katika "kuazima" tumefungua mlango pande zote mbili. "Niliazima jembe kwake" na "niazime jembe lako" ni tendo moja likitazamwa na watu wawili, mmoja atoaye na mmoja apokeaye. Waswidi hufanya vivyo hivyo kwa neno lao "låna".

Nachingwea imesikia lugha nyingi kwa mji wa umri wake. Mwaka 1947 walikuja watu wa mpango wa karanga, na Kiingereza chao cha matrekta. Mpango ukafa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikang'olewa baadaye. Kisha, tangu miaka ya 1960 hata uhuru wa Msumbiji tarehe 25 Juni 1975, hapa palikuwa na kambi kubwa ya wapigania uhuru wa FRELIMO. Wengi wao walisema Kimakua, Kimakonde na Kiyao kama sisi, na wale waliosoma walisoma Kireno. Basi katika Kireno mlango ulioandikwa "puxe", na hutamkwa "pushe", ni mlango wa kuvutwa. Katika Kiingereza mlango ulioandikwa "push" ni wa kusukumwa. Nao ni mtu na ndugu yake: wote wawili wametoka katika neno la Kilatini la kupiga na kusukumasukuma. Mtu aliyetoka shule ya Wareno akaingia ofisi ya Dar es Salaam angeweza kushindana na mlango mmoja asubuhi nzima, huku akitii barabara kila kilichoandikwa.

Wakati mwingine maneno hayahitaji kuvuka mpaka. Yavuka miaka tu. Neno "hongo" wazee wa misafara walilijua kuwa ushuru wa halali. Msafara uliopita katika nchi ya mtawala ulilipa hongo, nguo na shanga na waya, na vitabu vya wasafiri wa Ulaya waliopita Tanganyika kuanzia mwaka 1857 vimejaa malalamiko juu yake. Asiyelipa ndiye mkosaji. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji vilivyoteketeza misheni za Lukuledi na Nyangao, wajumbe walioeneza maji ya dawa waliitwa hongo. Leo anayepokea hongo ndiye mkosaji, naye hufungwa. Mwanafunzi asomaye habari za karne ya kumi na tisa kwa Kiswahili cha leo huwahukumu machifu wote kuwa wala rushwa, nami nimesahihisha kosa hilo katika madaftari mara nyingi hata nimechoka kulihesabu.

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya nichukue kalamu. Nalo si la kigeni. Kila mmoja wetu amelitumia leo. Ni "labda".

Waarabu husema "lā budda". "Lā" ni hapana. "Budd" ni njia ya kuepukia, upenyo wa kutorokea. Maana yake yote ni kwamba hakuna kuepuka: jambo ni la lazima, litakuwa, hapana shaka. Neno hili lilishuka pwani yetu pamoja na jahazi, na katika kamusi za kale laonekana bado kwa sura ya "labuda". Lakini leo mtu akisema "labda nitakuja", ameacha wazi kila upenyo ambao Mwarabu aliufunga. Neno la lazima limekuwa neno la pengine.

Na ajabu haikuishia hapo. Neno lile lile liliingia katika Kiswahili mara ya pili, kwa mlango mwingine, likabaki na maana yake kamili. Twasema "sina budi", "hana budi", "hapana budi". Hakuna Mswahili asemaye "nina budi". Neno haliwezi kusimama ila limekanushwa, sawasawa na mama yake. Basi katika kinywa kimoja, pengine katika sentensi moja, twaweza kusema, "Labda hatakuja, lakini mimi sina budi kwenda," nasi tumelitamka neno moja la Kiarabu mara mbili, kwanza kwa mashaka na mara ya pili kwa yakini. Mpwani aliyehamia Maskati baada ya mapinduzi ya Unguja ya mwaka 1964, akaambiwa na karani "lā budda" arudi kesho na hati zake, kama alisikiliza kwa sikio la nyumbani alidhani ameruhusiwa kulala.

Lilipinduka kwa njia gani? Vitabu nilivyosoma vyataja asili yake na kuacha hapo. Nitasema nionavyo mimi. Nadhani lilipinduliwa na matumaini. Mwanamke ambaye mumewe amesafiri na jahazi, akiulizwa kama bwana atarudi na upepo wa kusi, hajui. Lakini hawezi kusema hajui. Husema, "Hapana budi atarudi." Msikilizaji asikia neno la yakini, lakini aona macho ya mwenye kusema. Neno likitumika hivyo mara elfu, mahali ambapo yakini haipo, wasikilizaji huacha kusikiliza neno, husikiliza macho. Mtoto aliyekua akisikia hivyo hujifunza kwamba neno hili ndilo la kusemwa mtu asipojua.

Sina ushahidi wa siku hizo, lakini ninao wa siku hizi. Waingereza wanalo neno "doubtless", yaani bila shaka. Mara nyingi wakilisema leo wamaanisha kwamba wadhani hivyo. Na sisi? Sikilizeni jinsi tutumiavyo "bila shaka". "Bila shaka umechoka," twamwambia mgeni, wala hatujui kama amechoka. "Bila shaka wewe ndiwe mtoto wa fulani." Mwenye hakika hasemi hivyo, husema tu, "Wewe ni mtoto wa fulani." Neno "bila shaka" limekwisha kufunga safari katika barabara ile ile ya "labda", na nikisoma insha za wanafunzi wangu naona limekwenda mwendo mrefu.

Mtu aweza kuniambia, "Mwalimu, haya ni ya kupitisha jioni. Kati ya 'aweza' na 'hana budi' kuna nini hata utuchoshe hivi?" Nami nitamjibu kwa habari ya Uhabeshi, ambako watu walikufa kwa maelfu katika nafasi iliyo kati ya maneno hayo mawili.

Tarehe 2 Mei 1889, mahali paitwapo Wuchale, Menelik, aliyekuwa mfalme wa Shoa na karibu kutawazwa juu ya Uhabeshi wote, alifanya mkataba na Italia. Mjumbe wa Italia alikuwa Pietro Antonelli. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili, Kiamhari na Kiitaliano, na hati zote mbili zilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Katika kifungu cha 17, Kiamhari kilisema kwamba mfalme aweza kuitumia serikali ya Italia katika mashauri yake na wafalme wa Ulaya. Kiitaliano kilisema kwamba mfalme amekubali kuitumia. Katika hati ya kwanza ni hiari yake, akitaka. Katika ya pili amekwisha kujifunga. Nchi isiyoweza kusema na wengine ila kwa kinywa cha mwingine si nchi yenye uhuru, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Italia iliwatangazia wakubwa wa Ulaya kwamba Uhabeshi uko chini ya ulinzi wake.

Menelik hakujua. Alikuwa amewaandikia watawala wa Ulaya barua za kuwaarifu kutawazwa kwake, kama mfalme awaandikiavyo wafalme. Majibu yalipofika mwaka 1890, Malkia Victoria na Wajerumani walimwambia apitishe barua zake Italia. Ndipo alipotafuta hati, akasoma, akaona. Aliandika kumlalamikia mfalme Umberto wa Italia. Mkewe Taytu naye alikataa kata kata neno lolote la kuufanya Uhabeshi kuwa chini ya wengine. Waitalia walishikilia hati yao, Wahabeshi wakashikilia yao, kila upande ukiamini upande wa pili wasema uongo juu ya karatasi iliyotiwa sahihi. Mwaka 1893 Menelik aliuvunja mkataba wote. Tarehe 1 Machi 1896 majeshi yalikutana Adwa, na jeshi la Italia chini ya Jenerali Oreste Baratieri likavunjwa vibaya. Mnamo Oktoba mwaka ule, kwa mkataba mpya wa Addis Ababa, Italia ilikiri uhuru wa Uhabeshi.

Wanahistoria hubishana kama tofauti ile ilikuwa hila au ilikuwa kosa la kufasiri. Mimi nadhani Waitalia walijua walichokiandika. Lakini hila ile isingeweza kufanya kazi kama kila upande usingekuwa na hakika kwamba umesoma karatasi moja na mwenzake. Mtu akisikia neno asilolijua kabisa, huuliza. Bibi yule wa Niassa angalisikia Kijerumani uani mwake asingalihofu; angalimwuliza mtoto, "Wasema nini?" Alihofu kwa sababu kila neno la sentensi ile alilijua.

Sijaacha kuandika "Nataka kuwa" ubaoni, kwa maana Kiswahili hakina njia nyingine nzuri. Ila sasa nauliza kwanza ni nani ambao nyumbani kwao hunenwa Kiyao, na hao huwapa kazi ya kuwaeleza wakubwa kabla ya kukariri. Na bibi alikuja mara ya pili, kwa kuitwa. Aliketi mbele ya darasa juu ya kiti changu, akatufundisha herufi yake yenye kofia. Watoto waliipata upesi. Mimi alinisimamisha peke yangu nikaijaribu mara tano, naye akawaambia watoto, kwa mkalimani, kwamba mara nne kati ya hizo mwalimu wao amekufa.